Mwanafunzi wa Bwana

Neno "mwanafunzi" latumika kwa watu wa namna mbili: mtoto aendaye shule, na mtu amfuataye Yesu. Kufanana huko kuna maana. Mwanagenzi wa seremala hajifunzi kwa kusikia habari za randa na msumeno. Hushika randa mwenyewe, akaharibu mbao, akafanya tena, hata kazi yake ifanane na kazi ya fundi. Mkristo naye ni vivyo hivyo. Awezaye kusema Imani yote na Amri zote kwa moyo bila kukosea, lakini humpita mgonjwa njiani, huyo hajashika bado chombo cha kazi. Na kazi yenyewe ni kupenda; wala si kuwapenda rafiki tu, maana hilo hata watoza ushuru waliliweza.

Apolo Kivebulaya alikuwa mtu wa Buganda, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata alikwenda kufundisha Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, karibu na msitu mkubwa wa Ituri, katika nchi ambayo leo ni ya Kongo. Mtawala wa huko, jina lake Tabaro, alimchukia, kwa kuwa mafundisho yake yalikemea ulevi na kuoa wake wengi. Siku moja dada yake Tabaro aliangukia mkuki nyumbani kwa Apolo, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Tabaro alimshitaki mwalimu kuwa ameua. Apolo akapigwa, akafungwa, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani.

Alipofunguliwa, hapana mtu ambaye angalimlaumu kama angalikwenda zake kwao Buganda. Wako wengi wasemao, "Nimemsamehe," kisha hukaa mbali na yule aliyewakosa siku zote za maisha yao. Na msamaha wa namna hiyo hauna gharama kubwa. Apolo alirudi Mboga. Aliwafundisha watu wale wale waliomwona akipigwa, akakaa karibu na nyumba ya yule aliyemshitaki. Tabaro naye alibatizwa, akapewa jina la Paulo.

Tena kulikuwa na Wambuti, watu wafupi waishio ndani ya msitu kwa kuwinda, ambao majirani zao waliwadharau. Tangu mwaka 1921 Apolo aliwaendea huko huko msituni. Wakati huo umri wake ulikuwa umekaribia miaka 60, umri ambao mtu hutafuta kivuli na kiti, si njia za matope.

Alikufa Mboga tarehe 30 Mei, 1933. Desturi ilikuwa maiti alazwe kaburini kichwa kikielekea kwao. Apolo aliagiza kwamba yeye alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa huko kazi ilikuwa haijaisha.