Jiwe la Mwaka 2029 na Miwani ya Gatina

Jiwe liitwalo Apophis litatupitia usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 14 Aprili 2029, umbali wa kilomita zipatazo 32,000 tu kutoka uso wa dunia. Litapita juu ya Bahari ya Hindi, kisha juu ya Afrika, hadi Atlantiki, na wenye macho mazima wataweza kuliona bila ya darubini. Lilipogunduliwa mwaka 2004, wataalamu wa falaki walihesabu kwa muda mfupi kwamba huenda likatupiga mwaka huo wa 2029. Hesabu hiyo ilifutwa upesi, na mwaka 2021 wakathibitisha kuwa kwa miaka 100 hivi ijayo hatuna hofu nalo. Lakini uvumi haufutiki kama hesabu. Hapa Gatina, upande wa Kawangware, bado nasikia watu wakionyeshana simu na kusimuliana habari za Kiyama.

Katika maneno yote hayo, swali la maana nililisikia kwa kijana mmoja wa kwetu Lamu, auzaye miwani ya jua kando ya njia. Alinambia, “Ami, kitu chenyewe huonekana nukta tu. Wamejuaje ukubwa wake?”

Naam. Nukta ing’aayo angani yaweza kuwa jiwe dogo jeupe, au jiwe kubwa jeusi. Mwanga utufikiao ni ule ule. Hujui ukubwa mpaka ujue weupe. Na ajabu ni kwamba jawabu lilikuwa mbele yake pale kwenye meza ya miwani.

Nuru, msomaji mpenzi, ni mawimbi. Ya jua hutikisika pande zote, wima na ulalo, bila mpango. Ikigonga maji au kioo ikarudi, mtikisiko wake hulalia upande mmoja. Jambo hili aligundua Mfaransa Malus mwaka 1808, na wataalamu huliita polaraizesheni. Miwani ya jua iliyo halisi ina kioo mfano wa ua wa fito zilizosimama: kamba ukiitikisa wima hupita, ukiitikisa ulalo huzuiliwa.

Basi tukajaribu, baada ya mvua. Tulitazama dimbwi kwa miwani, mng’aro wa jua ukatoweka, tukaona hadi matope ya chini. Tulipoizungusha miwani robo duara, mng’aro ukarudi. Lami nayo ilipungua mng’aro wazi wazi. Ukuta uliopakwa chokaa haukubadilika sana. Mabati mapya ya paa, ambayo kijana alidhani yatashinda vyote, nayo hayakubadilika sana, kwa kuwa madini ya chuma na jamaa zake hayailazi nuru kama maji yafanyavyo. (Miwani nyingine mezani haikufanya lolote. Bei yake ilikuwa ile ile, lakini hayo ni ya mwenye biashara.)

Hiyo tofauti ya lami na chokaa ndiyo siri yenyewe. Katika kitu cheupe nuru hurukaruka kutoka chembe hii hadi ile mara nyingi, na kila ikiruka mpango wake huvurugika. Katika kitu cheusi nuru iingiayo ndani humezwa. Itokayo ni ile iliyogonga mara moja tu, na mpango wake ungalipo. Mrusi Umov alilieleza hili mwaka 1905. Kwa hiyo jiwe jeusi la angani huleta nuru iliyolala sana, na jeupe huleta iliyovurugika.

Tena kuna vumbi. Jua likiwa karibu nyuma yetu tutazamapo jiwe, kwa pembe isiyozidi nyuzi 20 hivi, nuru hulala kinyume na kawaida, na hiyo ni alama ya uso mkwaruzo au wa ungaunga. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Misri, aliandika risala nzima juu ya nuru ya mwezi, akakataa kwamba mwezi ni kama kioo laini kinachorudisha jua. Karibu miaka 900 baadaye, Bernard Lyot wa Ufaransa aliipima nuru hiyo kwa njia hii ninayoisimulia, akailinganisha na ya vitu vya duniani, akaona inafanana na ya majivu ya volkano. Hayo ni ya mwaka 1929, miaka 40 kabla ya mtu kuukanyaga mwezi na kuacha alama ya kiatu katika vumbi.

Apophis ilipimwa hivyo hivyo kwa darubini kubwa iliyoko Chile, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007: hurudisha kiasi cha theluthi moja ya nuru, na upana wake ni mita 270, ukiacha nafasi ya kukosea mita 60 juu au chini. Waliotumia rada baadaye walipata zaidi ya mita 300. Nikamwambia kijana akadirie jengo la KICC mara mbili na nusu au tatu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama siku hiyo miwani yake itauzika.

Sidhani. Usiku miwani ya jua haina kazi, na hapa Gatina taa zimetuzidi. Watu wa Pate na Kiunga wataliona vizuri kuliko sisi, ila Aprili ni masika, na mawingu ya masika hayana ahadi.