Gari ikimeza maji, msikimbilie stata

Masika ikikolea, mabonde ya mpunga ya huku kwetu Pemba hujaa, na palipokuwa na kidimbwi jana, leo huwa mto. Kaka yangu aliyaona maji, akaona na watu wanaongojea mchanga wao Gando, akapita. Katikati ya maji gari ilizimika. Akapiga stata mara mbili. Mara ya pili ikalia "ta!", kisha kimya. Vijana wakaivuta kwa kamba mpaka nyumbani.

Usiku ule tulikaa barazani. Gari ile ndiyo inayotulisha: mchanga, mawe, kuni, na msimu ukifika, magunia ya karafuu kuyapeleka vituo vya ZSTC. Akiba pekee tuliyokuwa nayo ni pesa za kuezekea upya nyumba ya mama.

Kaka alitaka injini ifunguliwe kesho yake na kufanywa upya yote. Ami akapinga. "Mwanangu, injini iliyonoki hairudi kuwa injini. Nunueni iliyotumika, Dar zimejaa." Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza moja tu: "Kwani mumeshajua kilichovunjika?"

Hakuna aliyejua. Tulikuwa tunagombania dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Fundi tuliyemwita kutoka Wete alisema vivyo hivyo. Alitaka malipo ya kupima kwanza, hesabu nyengine baadaye. Akatueleza kwa nini maji ni adui wa dizeli. Injini hiyo huibana hewa mara kumi na sita hata ishirini mpaka inakuwa moto wa kuwasha mafuta. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikakuta maji hukwama, lakini krenki bado inasukuma, basi kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoishika pistoni. Kila unapopiga stata, unaukunja zaidi.

Akachomoa waya wa betri, akafungua nozeli zote, akaizungusha injini kwa mkono, taratibu. Maji yakaruka kutoka silinda ya pili na ya tatu. Oili ilipomwagwa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, alama kuwa maji yameshachanganyika nayo. Siku hiyo hiyo alisafisha ndani na kupaka oili mpya, kwani kutu haingojei kikao cha familia. Ingelikuwa maji ya bahari, alisema, hata saa chache ni nyingi.

Kisha akaifungua hedi na kupima kila pistoni inafika wapi ikiwa juu kabisa. Tatu zililingana. Ya pili ilikomea chini kidogo, tofauti ambayo jicho halioni bali kipimo. Konrodi yake imepinda. Akatuonya kuwa mtu angeweza kuifunga hivyo hivyo na gari ikawaka, ila ipo siku mkono ule ungekatika na kulitoboa bloku. Hapo ndipo pesa zote zingepotea.

Sasa tulikuwa na cha kujadili. Fundi alituwekea njia tatu. Kama hakuna kilichopinda, ni kusafisha na kubadilisha oili na filta. Kama konrodi ndiyo iliyoharibika, na krenki imenyooka na bloku halina ufa, inafaa kutengeneza. Kama krenki au bloku limeharibika, bora injini nyengine, ingawa iliyotumika nayo hujui imepitia nini.

Krenki ikapelekwa kwa wakerezaji kupimwa: imenyooka. Bloku zima. Ami akakubali, kwa sharti kuwa kila kifaa kiandikwe bei yake daftarini kabla ya kununuliwa. Tukanunua konrodi, ringi, beringi na gasketi. Kaka alitaka na pistoni mpya zote nne. Fundi akazipima, akasema za zamani bado nzima, akakataa.

Gari ilirudi kazini kabla ya karafuu kuiva. Pesa za bati ziliondoka, na masika iliyofuata mama aliweka ndoo tatu chumbani kwake. Hakulalamika, lakini kila mvua iliponyesha usiku, kaka alikuwa wa kwanza kuamka kuzimwaga. Bati tulizinunua baada ya msimu.

Siku hizi akikuta maji barabarani huzima gari, hukunja suruali na kuingia mwenyewe kwa miguu na fimbo. Yakipita magoti, anageuza. Abiria wakinung'unika huwajibu, "Nishalipa nauli ya njia hii."