Programu mpya kabla ya wengine: faida ipo, gharama nayo ipo

Mfanyabiashara anayewahi mzigo huuza kabla ya wenzake, lakini yeye pia ndiye wa kwanza kugundua kuwa mzigo una kasoro. Ndivyo ilivyo kwa wanaotumia mifumo ya kuendeshea kompyuta ambayo haina toleo la mwaka, bali hupokea mabadiliko kila siku au kila wiki. Miongoni mwa inayojulikana zaidi ni Arch Linux, iliyoanza mwaka 2002, na openSUSE Tumbleweed. Yote miwili hutolewa bure. Hata hivyo, bure hiyo ina hesabu zake, na mwenye duka au ofisi ya uwakala hana budi kuzipiga kabla ya kuipakia kwenye kompyuta inayotunza daftari la madeni.

Mfumo wa kawaida, kama Debian, hutoa toleo jipya takriban kila baada ya miaka miwili. Programu zitakazoingia husimamishwa miezi kadhaa kabla, zikakaguliwa, na toleo likishatoka hurekebishwa kasoro kubwa na mianya ya usalama tu. Katika mifumo ya mfululizo hakuna kusimamisha. Watengenezaji wa programu wakitoa kitu kipya, kinajaribiwa kwa siku au wiki chache, kisha kinapelekwa kwa watumiaji wote.

Mfano mzuri ni KDE Plasma 6, yaani madirisha, menyu na mipangilio anayoiona mtumiaji awashapo kompyuta. Ilitolewa tarehe 28 Februari 2024. Watumiaji wa Arch na Tumbleweed waliipata katika muda wa wiki chache. Wale wa Debian walisubiri toleo la 13, lililotoka tarehe 9 Agosti 2025, zaidi ya miezi 17 baadaye.

Kwa mfanyabiashara, sura mpya ya madirisha si hoja. Faida ya kweli iko kwenye vifaa. Kompyuta ya mkononi iliyoingia sokoni mwaka huu huenda isitambuliwe vizuri na mfumo wa miaka miwili iliyopita: mara intaneti isiyotumia waya haishiki, mara sauti haitoki. Mfumo unaopokea kiini kipya cha Linux mapema huondoa tatizo hilo bila kumwita fundi.

Upande wa pili wa mizani ulionekana wazi mwezi Machi 2024. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amechangia kwa zaidi ya miaka miwili kazi ya kutunza xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumiwa karibu kila mahali, hadi akaaminiwa na kukabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo. Katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ukafichwa mlango wa siri, ambao ungemwezesha aliyeutengeneza kuingia kwenye kompyuta za wengine kupitia huduma ya kuingilia kwa mbali. Tumbleweed ilikuwa na programu hiyo kuanzia tarehe 7 hadi 28 Machi. Arch nayo iliipokea, ingawa huduma yake ya kuingilia kwa mbali haikuwa imeunganishwa na xz kwa namna ambayo mtego ule uliihitaji. Debian ya kawaida haikufikiwa kabisa.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyekuwa akifanya majaribio kwenye tawi la Debian linalopokea vitu vipya mapema. Aliona kuingia kwenye kompyuta kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida, akafuatilia, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu. Waliosubiri waliokolewa na waliowahi. Watumiaji wa Tumbleweed ambao huduma hiyo ilikuwa wazi kwenye intaneti walishauriwa kupakia mfumo upya kabisa, kazi inayoweza kumaliza siku nzima ya mauzo.

Si kila balaa huletwa na mwenye nia mbaya. Agosti 2022 badiliko la GRUB, programu inayowasha mfumo, liliziacha baadhi ya kompyuta za Arch zikishindwa kuwaka.

Tumbleweed ina kinga kwa hali kama hiyo. Ikipakiwa kwa utaratibu wake wa kawaida, huhifadhi picha ya mfumo kabla na baada ya kila badiliko, na kompyuta ikigoma mtumiaji huchagua picha ya jana wakati wa kuwasha. Angalizo ni kwamba picha hiyo haihusu nyaraka za mtumiaji, hivyo si mbadala wa kunakili hesabu kwenye diski nyingine. Arch humwachia mwenyewe apange kinga yake. Tena hairuhusu ujanja wa kuchukua programu moja mpya na kuziacha nyingine za zamani. Ama vyote ama hakuna. Kinachoruhusiwa ni kutumia kiini cha Linux kinachotunzwa kwa muda mrefu badala ya kile kipya kabisa. Gharama ya intaneti pia isisahaulike, maana baada ya wiki kadhaa bila kuongeza mabadiliko mzigo wa kupakua huweza kuzidi gigabaiti moja.

Mwenye kompyuta mbili ana nafasi nzuri zaidi: moja ipokee mapya, ile ya mauzo ifuate baadaye, au ibaki kwenye mfumo wa kawaida huku marekebisho ya usalama yakiingizwa bila kuchelewa. Mwenye moja tu hana pa kujaribia.

Kampuni ya Valve ya Marekani, inayouza kifaa cha michezo kiitwacho Steam Deck tangu Februari 2022, ilijenga mfumo wake juu ya Arch. Lakini mabadiliko ya Arch hayaendi moja kwa moja kwa wanunuzi. Valve huyachuja kwanza, kisha humwachia mteja achague kati ya njia tulivu na zile za majaribio. Septemba 2024 ilitangazwa kuwa kampuni hiyo itagharimia kazi mbili za Arch: mitambo ya kutengenezea programu, na utaratibu salama wa kuzitia sahihi.