Mtoa Dawa na Elimu ya Mila

Wengi wetu hapa Busia na Tororo hununua vidonge viwili vitatu tu, kadiri ya mfuko. Kwa hiyo mafunzo ya utoaji dawa yanatuhusu. Nchini Kenya, diploma ya famasi katika chuo cha KMTC huchukua miaka 3. Uganda ina utaratibu wake. Kabla ya kulipa karo, tuulize cheti kitatambuliwa upande upi wa mpaka.

Anthropolojia, elimu ya mila na maisha ya watu, nayo ina faida. Susan Reynolds Whyte alianza utafiti wake Bunyole, jirani na Tororo, mwaka 1969, akaandika jinsi watu wanavyotafuta dawa. Mtoa dawa anayeelewa hali yetu hatatukemea. Atatueleza kwa nini dozi imalizwe.