Mchumba wa kwenye simu: tumtambue mwongo, tusimcheke aliyedanganywa



Dada anapata rafiki kwenye Facebook. Mtu huyo anajiita daktari, mhandisi wa mafuta baharini, au mwanajeshi wa Umoja wa Mataifa. Anasema yeye ni mjane, tena Mkristo. Kila asubuhi anatuma maombi. Baada ya siku chache wanahamia WhatsApp. Baada ya majuma machache anazungumza ndoa. Kisha shida inakuja: zawadi aliyotuma imekwama duane, zinahitajika dola 150 kuitoa. Zikitumwa, malipo mengine yanazuka. Kaka zetu nao wananaswa, hasa kwa picha za utupu ambazo baadaye zinatumiwa kuwatisha.

Alama zake ni tatu. Daima ana sababu ya kutoonana. Anataka uhusiano uwe siri. Tena anaomba pesa, au anakuomba upokee pesa za watu wengine na kuzituma mbele.

Katika Yoshua 9, viongozi wa Israeli hawakuwa wajinga. Walitazama mkate wenye ukungu na viatu vilivyochakaa, wakaamini Wagibeoni wametoka mbali, bila kumwuliza Bwana. Nasi tuulize kabla ya kuamini. Akisema ni mshirika wa kanisa fulani, mlete jina la kanisa hilo kwa mchungaji wenu. Namba ya simu tutaitafuta wenyewe, si ile atakayotoa yeye. Mkweli hatakasirika.

Aliyekwisha kutuma pesa asitume tena, hata akiambiwa ni mara ya mwisho. Asifute ujumbe. Apige simu upesi kwa kampuni iliyopitisha pesa, atoe namba ya muamala, kisha aende polisi. Ajihadhari pia na anayejitokeza kuahidi kurudisha pesa kwa malipo: mara nyingi ni wezi walewale.

Lakini kuna jambo linalotuhusu sisi kanisa. Mwezi wa kwanza 2025, televisheni moja ya Ufaransa ilisimulia habari za mwanamke aliyedhani anapendwa na mwigizaji Brad Pitt. Walimtumia picha zilizotengenezwa kwa akili bandia, akapoteza euro 830,000. Watu walimcheka sana mtandaoni, hata televisheni ikaondoa habari hiyo.

Je, kwetu hatucheki? Mama aliyetuma hata pesa za likelemba anaogopa midomo ya waumini kuliko mwizi mwenyewe. Basi ananyamaza, na kwa kunyamaza anatuma tena, akitumaini kurudisha zilizopotea. Kicheko chetu kinamsaidia mwizi.

Kwa hiyo, wachungaji na viongozi wa wamama, tukubaliane hivi: anayekuja kwetu tumsikilize kwanza, tusimkemee, tumsindikize polisi akitaka. Na habari yake isifike mimbarani.

Bwana awalinde.