Jirani aliyefichua ugonjwa wa ukoo

Je, msomaji, umewahi kutafuta nyumba mtaani ukiwa huna nambari ya mlango? Bila shaka uliulizia kioski kilicho karibu nayo, ukafika. Wanasayansi nao hutumia ujanja uo huo kusaka jeni, yaani chembe za urithi tunazopata kwa wazazi wetu.

Jeni zimepangana katika kromosomu kama shanga kwenye uzi. Wewe una jozi 23 za nyuzi hizo. Katika kila jozi mmoja umetoka kwa baba na mwingine kwa mama. Mbegu ya kiume au yai la kike linapotengenezwa, nyuzi hizo mbili hukatika na kubadilishana vipande. Shanga zilizo mbalimbali hutengana mara nyingi. Zilizo karibu karibu husafiri pamoja, kizazi baada ya kizazi.

Aliyetumia jambo hili kupima umbali alikuwa mwanafunzi. Mwaka wa 1911 Alfred Sturtevant, wa Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, aliweka kando masomo yake ya siku hiyo, akakesha akihesabu ni mara ngapi sifa za nzi wa matunda, kama rangi ya macho na umbo la mabawa, zilitengana. Kulipokucha alikuwa na ramani ya kwanza ya jeni duniani.

Ramani ya nzi yatusaidia nini sisi binadamu? Mfikirie Nancy Wexler, Mmarekani ambaye mama yake alipatikana na ugonjwa wa Huntington mwaka wa 1968. Ugonjwa huu huharibu ubongo polepole, mwili ukawa unachezacheza wenyewe na akili ikadhoofika. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi.

Wexler hakuketi kungoja. Alienda Venezuela, kwenye vijiji vya Ziwa Maracaibo, ambako ugonjwa huo ulikuwa umezikumba koo kubwa. Yeye na wenzake wakaandika nani kazaliwa na nani, wakakusanya damu. Mwaka wa 1983 kundi la James Gusella likaona alama katika kromosomu ya 4 iliyoandamana na ugonjwa huo kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Jirani amepatikana! Hata hivyo, kuufikia mlango wenyewe kulichukua miaka 10 zaidi, hadi 1993.

Leo kipimo cha damu chaweza kumwambia mtu kama ameirithi jeni hiyo, lakini dawa ya kuuponya ugonjwa bado haijapatikana. Wexler mwenyewe alitangaza mwaka wa 2020 kwamba anaugua.

Basi, ugonjwa ukijirudia katika ukoo wenu, msikimbilie kutaja uchawi au laana. Waulize wazee nani aliugua nini na akiwa na umri gani, uyaandike, kisha umpelekee daktari. Utafiti wa Maracaibo pia ulianza kwa kuuliza.