Bwawa Moja, Chakula Kimoja: Mbona Samaki Hawalingani?



Wapenzi wasomaji, mama mmoja anayefuga perege alitujia na malalamiko. Vifaranga wake walitiwa bwawani siku moja, wakiwa wa kimo kimoja, na akawalisha chakula kimoja kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya miezi mitano, baadhi yao wajaa kiganja, na wengine hawajapita urefu wa kidole. Alikuwa amekwisha kata shauri: aliyemuuzia alimchanganyia wabovu, na salio la deni halitolipwa. Alichotaka kwetu ni kauli ya kumuunga mkono.

Tulimwomba asubiri. Deni ni jambo zito, na kumtuhumu mtu pasi na hakika ni zito vilevile. Tukaanza na yaliyo wazi. Perege dume hukua upesi kuliko jike, kwani jike hutumia nguvu nyingi katika uzazi na huatamia mayai yake kinywani. Tena perege huzaa mapema, hivyo baadhi ya wale wadogo huenda walizaliwa humo humo bwawani.

Lakini iko sababu nyingine ambayo wengi wetu hatuifikirii: samaki wana hulka, kila mmoja na yake. Yuko jasiri, ambaye punje za chakula zikigusa maji huwa wa kwanza kufika, na huwafukuza wenziwe. Yuko mwoga, ambaye hujitenga kando hadi vurugu itulie, na akifika hukuta pamebaki makombo. Aliyelea watoto zaidi ya mmoja katika nyumba moja hatalistaajabia hili.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Nchini Uingereza, mnamo 1999, watafiti Pottinger na Carrick walieleza jinsi walivyozalisha koo mbili za trauti, samaki ambaye hapa Kenya hupatikana katika mito ya baridi ya Mlima Kenya. Ukoo mmoja ulikuwa wa wale ambao miili yao, wanapobanwa mahali finyu, hutoa kwa wingi kotisoli, yaani homoni ya dhiki. Ukoo wa pili ulikuwa wa wale wanaoitoa kidogo. Ilibainika kwamba hawa wa pili, wakihamishiwa mahali pageni, hurudia kula mapema, na wakikutanishwa wawili wawili na wale wa kwanza, mara nyingi wao ndio hushinda.

Hapo mtu angesema: basi tufuge majasiri peke yao. Waama, mambo hayakuishia hapo. Samaki wa koo hizo hizo walisafirishwa hadi Norway, na safari ikawadhoofisha. Wale waliozoea kushinda ndio waliopungua uzito zaidi, na walipopambanishwa tena, wanyonge wa jana wakawa ndio mabwana. Kwa hiyo woga si ubovu wa mbegu. Ni hulka ambayo mahali pamoja huleta hasara na pengine huleta faida.

Afya nayo imo katika hesabu hii. Samaki anayefukuzwa kila siku huishi katika dhiki, na dhiki ikidumu hudhoofisha kinga ya mwili. Mapezi yaliyoumwa huwa mlango wa maradhi. Na maradhi yakiingia bwawani hayachagui mkubwa wala mdogo.

Mfugaji afanye nini? Kwanza, asimwage chakula mahali pamoja. Akitawanye bwawa zima, ili jasiri asiweze kulinda pembe zote. Pili, asijaze samaki kupita kiasi. Tatu, awachambue kwa ukubwa na kuwatenga, kwani wadogo wengi hupata nafasi ya kula wakubwa wanapoondolewa. Kwa wafugao kambare hili halina hiari: mkubwa humla mdogo. Nne, wavu utumike kwa upole, asubuhi kabla ya jua kali, na usitumike bila haja.

Hayawani aliye mikononi mwetu ni amana. Tumemfungia mahali ambapo hawezi kukimbilia kwingine, basi fungu lake la chakula ni juu yetu kuhakikisha linamfikia.

Yule mama tulimwuliza: je, muuzaji alikuahidi madume watupu? Akanyamaza kidogo, kisha akasema hapana, wala yeye hakuuliza. Salio amelilipa. Wale wadogo amewatenga kwa wavu katika pembe ya bwawa, na huwalisha mbali na wakubwa. Kama watanenepa, tutawaarifu, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.